Karani wa Vigingi Vinne

Kabla sijamjua mtu huyu, niliujua mwandiko wake. Nilikuwa mpokea fomu za leseni katika ofisi ya kaunsili pale Homa Bay, miaka michache baada ya uhuru. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya kaunta ya mbao na kupokea maombi ya watu waliotaka kuuza chakula: wenye hoteli za chai, wenye bucha, wakaanga samaki, na wanawake waliopika majumbani mwao wakaenda kuuza nje. Fomu zilikuwa za Kiingereza. Nyingi zilifika zimejazwa nusu, au zimejazwa na mwanafunzi aliyeandika jina la mwalimu wake mahali pa jina la mwenye biashara. Hizo nilizirudisha.

Fomu za kutoka upande wa Sindo hazikurudi. Zilikuwa za wino wa buluu, herufi zimeachana sawasawa kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Kila moja ilibandikwa mchoro wa jiko: dirisha hapa, mlango hapa, choo hatua arobaini kutoka mlangoni. Na chini kabisa, mahali ambapo fomu haikuuliza kitu chochote, palikuwa na maneno manne ya Kiswahili: Nimeona kwa macho yangu. Hapakuwa na sahihi.

Siku moja nilimwuliza mama aliyeleta fomu ya mandazi, "Nani amekuandikia hii?"

"Karani."

"Karani ni mimi, mama."

Akanitazama kwa huruma. "Wewe ni karani wa hapa. Yule ni Karani."

Nilianza kumchunguza kuanzia siku hiyo, na niliendelea kwa miaka. Nitaandika kwanza niliyoyaona mwenyewe. Niliyoambiwa nitasema nimeambiwa. Asili yake siijui vizuri, wala sikuitafuta. Najua kwamba alikuwa Mkuria wa upande wa mpakani, kwamba alikuwa ameandika vitabu vya stoo kwenye mgodi wa Macalder, na kwamba kazi ya mgodi ilipopungua alikuja Sindo na baiskeli, chupa ya dawa iliyojaa wino, na utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Dholuo, lugha ya watu wa pale, alikisema kwa lafudhi iliyowachekesha wanawake, kwa hiyo kwenye mambo ya kazi alishika Kiswahili. Ofisi yake ilikuwa benchi kwenye baraza ya fundi nguo.

Nilimwona kwanza katika bonde la Lambwe, kwenye kizuizi cha mbung'o. Siku hizo kila chombo kilichopita bondeni kilisimamishwa ili wale nzi wa malale watafutwe na kuuawa. Mimi nilikuwa kwenye lori la kaunsili. Mbele yetu alisimama mzee mrefu mwenye baiskeli, na mkaguzi alikuwa amefungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na vigingi vinne vya mti vilivyofungwa kwa kamba, utepe, bahasha, na viberiti kama kumi.

"Mzee, hivi viberiti havina njiti," mkaguzi akasema.

"Najua."

"Unauza viberiti vitupu?"

"Siuzi. Ni vya kupelekea daktari."

"Kumpelekea daktari nini?"

Mzee akamwangalia kwa upole. "Hivi bado ni vitupu. Lakini kesho nikirudi, nitakufungulia kimoja."

Kando yangu dereva wa lori alicheka mpaka akapiga honi. Mtu yeyote aliyetaka kuuza chakula alitakiwa kupimwa kifua na choo, na choo kilipelekwa zahanati ndani ya kiberiti. Karani aliwagawia wateja wake viberiti hivyo mwenyewe, maana alikuwa amegundua kwamba watu waliona aibu kununua kiberiti dukani na kukimwaga njiti mbele ya muuzaji.

Nikateremka. Nilikuwa nimeona mwandiko juu ya bahasha.

"Mzee, mimi ndiye ninayepokea fomu zako."

Alitazama viatu vyangu kwanza, kisha uso. "Basi wewe ndiye unayegonga muhuri ukapinda kulia."

Sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo. Niliporudi ofisini nilifungua faili, nikakuta ni kweli. Kila muhuri wangu ulikuwa umepinda kulia.

Kwenye nyumba za watu alikuwa na utaratibu mmoja usiobadilika. Nimemfuata mara tatu, kwa idhini yake, nikiwa na siku za mapumziko, na mara zote tatu ilikuwa hivyo hivyo. Alisalimu, akauliza habari za watoto na mvua, akaonyeshwa kiti, asikae. "Choo kwanza," alisema, "chai baadaye." Mwenye nyumba alibaki ameshika birika huku mgeni akizunguka nyuma ya nyumba.

Mahali pamoja, kwa mama mkaanga samaki, tulionyeshwa choo kizuri chenye mlango wa bati. Karani hakukitazama choo. Alitazama chini.

"Mama, nyumba hii ina watu wangapi?"

"Saba."

"Njia ya kwenda choo hiki imeota majani. Hao saba wanapitia wapi?"

Mama akafunika uso kwa leso, akacheka hadi akakaa chini. Choo kilikuwa cha jirani. Wiki mbili baadaye Karani alirudi, akakuta shimo jipya, ukuta mpya, na njia iliyokanyagwa mpaka ikang'aa. Hapo ndipo alipokaa, akanywa chai, akafungua chupa ya wino.

Hakuandika asichokiona, hata kama kingekuwa kweli kesho. Mpika mandazi mmoja alimsihi mbele yangu: "Andika tu kwamba dirisha lina wavu. Wavu unakuja Jumatatu."

"Vizuri sana," Karani akajibu. "Na mimi nitaandika Jumatatu."

Malipo yake yalikuwa chakula cha kwanza kilichopikwa baada ya mambo yote kutengenezwa. Alikila palepale, amesimama, kama mtu anayemaliza ukaguzi.

Lakini mtu huyu aliyewasumbua wanawake kuhusu sabuni na nyavu za dirisha alitembea na karanga ndani ya mfuko wa koti, zikichanganyika na vumbi la chaki na kalamu, na alizitafuna kwa vidole vya buluu. Aliyewaandikia watu leseni hakuwa na leseni ya kazi yake mwenyewe, ingawa sheria ilimtaka awe nayo. Na lililonishangaza kuliko yote: hakuwahi kuingia ofisini kwetu. Alifika Homa Bay, nilimwona dirishani akimsindikiza mteja mpaka kwenye ngazi, akimwelekeza kwa kidole mlango wa kuingia. Yeye alibaki nje na baiskeli. Nilitoka mara moja kumkaribisha.

"Viatu vyangu vina vumbi," alisema.

Sakafu ya ofisi yetu ilikuwa na vumbi kuliko barabara. Nilijua ananificha kitu, nikakiweka kichwani kama swali la kuuliza siku nyingine.

Sasa nifike kwa Mama Akoth, kwa sababu kwake ndiko Karani alikokosea.

Mama Akoth alikuwa mjane, mwokaji wa mikate karibu na Sindo. Alikandia unga ndani ya nyumba yake na kuoka nje, katika tanuri la udongo alilolijenga kwa mikono yake. Shule ya bweni ya jirani ilikuwa imekubali kuchukua mikate yake kila asubuhi kuanzia muhula mpya, kwa sharti moja: awe na leseni. Asipokuwa nayo, shule ingechukua mikate ya lori kutoka Homa Bay. Bwana Afya, yaani mkaguzi wa afya wa kaunsili, alifika kwake akakuta kitanda na meza ya kukandia unga katika chumba kimoja. Akakataa. Alitaka jiko la peke yake, lisilolalwa na mtu. Muhula ulikuwa wiki tano mbele.

Karani akaitwa. Alikagua choo, akanywa chai, akapima uwanja kando ya nyumba, kisha akapigilia vigingi vyake vinne mahali jiko jipya litakaposimama. Akaenda zake akiwa ameridhika.

Mchana huo huo shemeji ya Mama Akoth, mdogo wa marehemu mumewe, aliviona vigingi. Alipanda njia mpaka kwenye baraza ya fundi nguo, na yaliyosemwa pale nimeyasikia kwa fundi, kwa Karani, na kwa shemeji mwenyewe, na wote watatu wamekubaliana.

"Omera, ndugu yangu," shemeji alisema, "nimekuja kukupa pole ya safari. Blanketi lako uko nalo, au tukutafutie?"

"Blanketi la nini?"

"La kulalia. Si umeoa?"

"Mimi nimepima tu jiko."

"Huku kwetu mwanaume akimpimia mjane ardhi, akapigilia kigingi, hajapima jiko. Amejibu swali ambalo sisi wenye dala, wenye boma hili, bado tunaliuliza."

Swali lilikuwa hili. Kwa desturi ya pale, mjane hajengewi nyumba mpya, hata jiko, mpaka achukuliwe na mwanaume wa ukoo wa mumewe. Na mwanaume huyo ndiye anayeanza kuchimbia nguzo. Shemeji alikuwa amejitolea. Mama Akoth, mtu wa kanisa na mtu wa kichwa kigumu, alikuwa amekataa kwa miaka mitatu. Sasa fomu ya kaunsili ilikuwa imemwekea mlango mmoja tu. Shemeji alimwambia wazi, bila ubaya, kama mtu anayeeleza hali ya hewa: "Nikubali leo, kesho nachimba, na mikate yako inaenda shule." Ama amkubali mwanaume asiyemtaka, ama aikose shule.

Karani alirudi, akang'oa vigingi vyote vinne, akavifunga kwa kamba yake. Fundi aliniambia kwamba kwa wiki nzima hakuandika hata bahasha. Nilipomwuliza baadaye, alijibu akiangalia mikono yake: "Sheria ya kaunsili niliisoma mara tatu. Sheria ya dala sikumwuliza mtu hata mmoja."

Wiki ya pili alikwenda tena, ila hakuingia. Alisimama nje ya ua wa minyaa, barabarani, mahali ambapo kila mpita njia angemwona, akaanza kuuliza maswali kwa sauti kubwa juu ya ua. Mama Akoth alikuwa uani akipepeta unga. Mama mkwe wake, bibi kizee ambaye watu wote walimwita Dani, yaani nyanya, alikuwa ameketi juani mbele ya nyumba yake upande wa pili.

"Mama Akoth! Ulipoolewa, kabla hujajengewa nyumba yako, ulipika wapi?"

"Jikoni kwa mama. Bi arusi hupika kwa mama mkwe mpaka apewe mafiga yake. Kwani kwenu si hivyo?"

"Na mtu akirudi kupika pale, akiwa mtu mzima, kuna mwiko?"

Dani ndiye aliyejibu. "Karani, unauliza kama mtu aliyezaliwa na jiwe. Mwiko gani? Jiko ni langu."

"Nani analala humo?"

"Kuku."

"Watahama?"

"Waambie wewe. Wewe ndiye unayejua Kiingereza."

Jiko la Dani lilikuwa limesimama miaka mingi. Lilijengwa na mumewe alipokuwa hai, na bibi mwenyewe alikuwa amekwisha kutimiza kila kitu ambacho mila ilimdai. Hakuna aliyeweza kumwambia afanye nini na kuta zake. Lilikosa dirisha tu, na sakafu ya saruji. Dani akamwita mwanawe, yule yule shemeji, akamwonyesha ukuta.

"Toboa hapa."

"Mama, hawa watu wawili wanatuchezea."

"Nimesema jiko langu lina moshi. Unataka mama yako apofuke?"

Akatoboa. Akatengeneza fremu. Akapigilia wavu. Mama Akoth aliniambia kwamba alipomaliza alisimama akiitazama kazi yake, akasema, "Kama dirisha hili si la mama, ningelipinda." Hakulipinda. Nimelipima.

Kilichobaki ni kiberiti. Kwa kuwa jiko ni la Dani, naye angeingia na kutoka humo kila siku, ilibidi apimwe pia. "Mimi?" alisema, akikishika kile kiboksi kwa ncha za vidole. "Serikali imetafuta nchi nzima, ikaona kwamba inachokikosa ni hiki?" Hata hivyo alikwenda zahanati, na alimpita kila mtu kwenye foleni kwa kutangaza alichobeba.

Fomu ilifika kaunta yangu siku kumi kabla ya muhula. Mahali pa biashara: jiko la mama mkwe wa mwombaji. Alama ya kidole cha Dani. Mchoro. Maneno manne. Bwana Afya aliisoma, akakuna shavu. "Sijawahi kuona jiko la kuazimwa," alisema. Nikaomba kwenda naye.

Jiko lilikuwa safi kuliko ofisi yetu. Sakafu ngumu, kuta zimepigwa chokaa, meza imesuguliwa mpaka nyuzi za mbao zimesimama. Bwana Afya alikuwa ameshatoa kalamu ndipo kuku mmoja mweupe alipoingia mlangoni, akatupita sote bila haraka, akaenda kwenye kona yake ya zamani, akatulia. Mama Akoth alishika kifua.

"Huyu ni nani?" Bwana Afya akauliza.

"Mgeni," Dani akajibu. "Hajasikia habari."

Bwana Afya aliangalia dari kwa muda mrefu, midomo ikimcheza. Kisha akaandika, nami nikasoma begani kwake: mlango uwekwe nusu ya chini ya kufunga. Chini yake: inafaa.

Tulipotoka nilimwona Karani ng'ambo ya barabara, baiskeli imeegemea mti, yeye amesimama na mikono nyuma. Mama Akoth alimpungia kitambaa cha unga, naye akatikisa kichwa mara moja, akapanda baiskeli.

Shule ikala mikate. Watu wa pale wakamwita Mama Akoth bi arusi mwenye mvi, kwa sababu kila alfajiri alionekana akivuka uwanja kwenda kupika kwa mama mkwe. Yeye aliitikia.

Mwishoni mwa miaka hiyo Dani alifariki. Nilipata habari kwa mtu aliyekuja kaunta, na nilifikiria jiko kabla ya kumfikiria marehemu, jambo ambalo baadaye niliona aibu nalo. Nyumba ya aliyekufa haiendelei kutumika kana kwamba hakuna lililotokea. Jiko lake lingekwenda nayo. Shemeji naye, nilisikia, alikuwa ameanza tena mazungumzo yake ya hali ya hewa.

Haukupita mwezi, mlango wa ofisi ulifunguliwa na Karani akaingia.

Alikuwa ameinama kidogo, na koti lilikuwa limemzidi mwili. Alifuta viatu mara mbili. Watu waliokuwa kwenye foleni wakampisha, nadhani kwa sababu alitembea kama mtu anayeingia kanisa la dhehebu jingine. Aliweka fomu juu ya kaunta. Ilikuwa ombi la kiwanja katika soko la Sindo, kwa jina la Mama Akoth, kwa ajili ya duka la mikate. Nikatazama chini ya ukurasa. Hapakuwa na maneno manne.

"Mzee, umesahau."

"Sijasahau. Bado hakuna cha kuona." Akasogea karibu. "Nina maswali. Safari hii nauliza kwanza. Ardhi ya soko ni dala la nani?"

"Si dala la mtu. Ni ya kaunsili."

"Mjane akijenga pale, anamkosea nani?"

"Sokoni watu wanajenga kufanya kazi. Nimewauliza wazee wa pale wakati wa viwanja vingine. Hawana neno."

"Mimi pia nimewauliza. Nilitaka kusikia kama majibu yenu yatafanana." Akatoa kutoka mfukoni vigingi vinne, kamba ile ile. "Na vya kiwanja hupigiliwa na nani?"

"Na mtu wa kaunsili."

"Mtu gani?"

Kwa kawaida alikuwa mtu wa ofisi ya ardhi. "Nitaomba niwe mimi," nikasema.

Akaniachia vigingi. Alipogeuka kuondoka nilimwuliza lile swali la miaka yote: kwa nini hakuwahi kuingia.

"Niliogopa utaniuliza leseni ya benchi langu."

"Ningekuuliza."

"Ndiyo," alisema. "Kwa hiyo."

Siku ya kupima niliondoka na mtu wa ardhi, ambaye alinipa nyundo na kukaa kivulini. Mama Akoth alikuwepo, amevaa nguo ya kanisani. Shemeji alikuwepo pia, amekunja mikono. Alitazama barua ya kaunsili, akatazama muhuri, akaguna, akanishikia ncha ya utepe. Karani alikuwa ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, mbali kiasi kwamba hakuna mtu chini ya jua ambaye angesema amegusa kitu.

"Karani, sogea basi!" Mama Akoth akaita. "Hapa hakuna wa kukuletea blanketi!"

Shemeji ndiye aliyecheka kwanza. Karani hakusogea. Nilipigilia cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilikuwa kimepasuka kichwani kwa uzee, nikakigonga polepole mpaka kikashika. Ndipo alipotoa kalamu, akalaza fomu juu ya kiti cha baiskeli, akaandika kwa muda mrefu kuliko maneno manne yanavyohitaji, akampa mtoto wa fundi nguo aniletee. Yalikuwa yale yale manne.

Kesho yake ofisini niliigonga muhuri. Ulipinda kulia. Ningeweza kuugonga upya, lakini niliuacha hivyo, ili ajue ni mimi.